Bibi, Mjukuu na Keki ya Mlimba

Nilimimina debe mbili za mchele kwenye buti la gari la mama yangu ili likauke. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu hapa Ifakara wapo wanaosimulia kwamba zilikuwa gunia mbili, wengine wanaapa kwamba niliwasha na moto, na mtu akiwaachia watu wamsimulie mwishowe anageuka kichekesho cha kilabuni. Zilikuwa debe mbili. Mchele mzuri, ule unaonukia kabla haujaiva, tuliouweka wa kula mpaka mavuno. Na nilikuwa na sababu zangu, ambazo siku ile zilinijia kichwani zimenyooka kama za mtu mwenye digrii. Kuna jambo lingine nililifanya siku moja kabla ya hapo, baya kuliko mchele, nalo nitalifikia. Nikianza nalo utanichukia mapema, na mimi napenda nichukiwe na mtu aliyekwisha kunifahamu.

Najua miaka kumi na saba si umri wa kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu huandikwa na watu wenye mvi na kiti cha kuegemea. Lakini juzi nimerudi likizo kutoka bweni, niko kidato cha tano sasa, nikafika nyumbani Kibaoni na kukuta kibanda cha magari kina nafasi tupu upande wa kushoto. Bibi ameondoka. Mjomba Wile amehamia upande wa Malinyi kulima, akaondoka naye, tena Bibi amekwenda kwa magurudumu yake mwenyewe bila kuvutwa, habari ambayo Mjomba aliagiza niambiwe kwanza kabla hata sijapewa maji ya kunywa. Pale alipokuwa akilala udongo ni mweusi kwa mafuta ya miaka, na mama ameshapanga makopo ya maua juu yake. Nilisimama pale na begi mgongoni nikahisi kitu ambacho sikutegemea kukihisi kwa ajili ya gari. Basi nimekaa kwenye meza ya jikoni, katika harufu ya vanila ambayo haitoki kwenye kuta zetu hata zikipigwa chokaa, naandika habari za mwaka niliokuwa kidato cha pili, mwaka ambao nyumba yetu ilikuwa na stesheni wagoni mbili za kifahari na hakuna hata moja iliyojua iko wapi duniani.

Zilikuwa za ukoo mmoja, kiwanda kimoja cha Ulaya, ila zimepishana kuzaliwa miaka ishirini hivi. Ya zamani tuliiita Bibi. Ilikuwa ya Mjomba Wile, kaka yake mama, ambaye alikuwa fundi magari na aliishi chumba cha uani kwetu. Aliipata kwa padre mmoja mzungu aliyerudi kwao. Usukani wake uko kushoto, kwa hiyo anayekaa kulia mbele hapandi kama abiria, anapanda kama mfanyakazi: yeye ndiye wa kuchungulia na kusema "njoo" au "tulia" mkitaka kulipita lori. Milango ilifunga kwa mlio wa kabati la sakristia. Kiyoyozi kilikufa kabla sijazaliwa. Lakini sakafu ya buti ukiivuta juu kilitoka kiti kidogo cha watu wawili kinachotazama nyuma, na mimi utoto wangu wote niliupitisha pale, naona tulikotoka tu, nawapungia mkono waenda kwa miguu kama mheshimiwa aliyeshindwa uchaguzi na hataki kukubali. Ya pili, Mjukuu, ilikuwa ya mama mwenyewe, mtumba wa Japani, rangi ya fedha, imeshuka bandarini Dar mwanzoni mwa mwaka huo. Buti lake lilijifungua lenyewe ukibonyeza kitufe. Viti vyake vilipasha joto makalio, huduma ya ajabu katika mji ambao hata kuku hutembea midomo wazi. Ndani yake aliishi mama mmoja wa Kijapani aliyetuelekeza njia kwa upole mkubwa, na kwenye ramani yake sisi tulikuwa katikati ya bahari siku zote. Shokapu zake zilikuwa za upepo. Ukiliwasha lilijiinua polepole, kama mtu mzima anayeinuka kumpokea mgeni, na mimi kila lilipoinuka nililiambia, "Marahaba."

Mwaka ule chakula cha jioni kilikuwa mahakama. Tulikula jikoni kwa sababu sebule ilijaa maboksi ya keki. Wali, perege wa kukaanga, matembele, na pilipili ya Mjomba ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Dada Milembe alikuwa akija karibu kila siku. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, binti wa Kisukuma aliyezaliwa hukuhuku bondeni, ana mashine ya kupima gari ambayo unachomeka chini ya usukani nayo inakuambia ugonjwa. Yeye ndiye aliyemshauri mama achukue Mjukuu. Mjomba hakumsamehe, na kwa kuwa hakumsamehe alimtengea kipande kikubwa cha samaki kila siku, ili abaki abishane naye.

"Gari la zamani likiumwa linakwambia lenyewe," Mjomba alisema. "Linakohoa, linatoa moshi, linavuja. Halina siri."

"Mzee Wile, linakwambia likishakufa," Dada Milembe akajibu. "Hili jipya linakwambia kabla. Taa inawaka, tunapima, tunabadilisha kitu kimoja."

"Hicho kimoja kiko wapi? Kiko Dar. Na Dar wanasema kiko Dubai. Bibi spea yake naichonga pale uani na tindo."

"Ndiyo maana anatembea kama anabeba kuni."

"Anatembea kama mtu aliyelelewa. Huyo wako akikutana na tope atauliza choo kiko wapi."

Mimi nilikuwa upande wa Mjukuu, na sikuwa nimeshawishiwa na shokapu wala mashine. Nilishawaambia darasa zima kwamba siku moja nitaletwa shuleni na gari ambalo buti linajifungua lenyewe nami natoka humo na daftari. Wenzangu walikuwa wanasubiri. Nimefikiri sana juu ya mabishano yale nikiwa bweni, maana kule chakula cha jioni ni maharage na kimya. Watu wawili wale walisifia magari mpaka samaki akapoa, na katikati yao mama alikaa akichambua mchele kwenye ungo, hajali kizazi, hajali nchi. Swali lake lilikuwa moja na alilirudia kila mahakama ilipoahirishwa: "Keki itafika?"

Kwa maana keki ilikuwepo. Mama alikuwa anaoka za komunyo, kipaimara, na harusi za watu wa mtaani, za kubebwa mkononi mpaka ukumbini. Halafu masista wa Mlimba wakamwita. Sista Benadeta alikuwa anatimiza jubilei ya dhahabu ya utawa, watakuja watu wa parokia zote za bonde, nao walitaka keki ya ngazi tatu. Mlimba ni mwisho wa bonde. Ni mwendo wa asubuhi nzima kipindi cha masika, mashimo, utelezi, na vijito vinavyoteremka milimani vikikata barabara vinapojisikia. Mama alilisema wazi siku moja anapiga mayai, hakumwambia mtu yeyote hasa: ikifika nzima, bonde zima litajua kuna mwanamke Kibaoni anaoka, ikifika imebomoka, bonde zima litajua vilevile. Kwa hiyo ilibidi achague gari.

Jumapili moja kabla ya jubilei akaleta ndoo. Ilikuwa ndoo yake ya siagi, akaijaza maji, akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipoishia. Kila gari liibebe kwenye buti kutoka Kibaoni hadi Viwanja Sitini na kurudi, dereva aendeshe kama kawaida yake, mimi nikae nyuma niangalie ndoo isipinduke, kuishika hapana. "Nisipande mimi," alisema, "nikipanda nitamhurumia mmoja." Mjomba alimwendesha Bibi kana kwamba anapeleka Ekaristi. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha kinyumenyume, ndoo kati ya magoti, na matuta yote ya mji niliyaona yakienda zao baada ya kutuumiza. Tuliporudi maji yalikuwa yamepungua vidole vinne. Mama alipima, akasema "haya," akajaza tena.

Zamu ya Mjukuu ilikuwa raha. Dada Milembe aliweka muziki, mama wa Kijapani akatushauri tupinde kulia tuingie baharini, na mpaka Viwanja Sitini ndoo ilikuwa haijalia hata tone. Nikaanza kupanga maneno ya kumkera Mjomba. Wakati wa kurudi mbuzi watatu wakaamua kuvuka. Dada Milembe akagusa breki. Breki za gari lile zilikuwa nzuri mno, hilo ndilo tatizo. Gari lilisimama palepale kama limepigwa kofi, ila maji yalikuwa bado yana safari. Nusu ndoo ilitoka ikaenda kwenye kapeti, ikazama kama vile ilikuwa inapafahamu. Dada Milembe alishuka kumfokea mwenye mbuzi, naye mwenye mbuzi alikuwa na mengi ya kujibu. Nyuma kulikuwa na dumu la maji, maana mafundi wa Ifakara hawatembei bila maji ya rejeta hata kwenye gari lisiloyahitaji. Nikalifungua. Nikajaza ndoo, nikaacha upungufu wa kidole kimoja ili uongo uwe na adabu. Sikufikiri hata dakika moja. Dakika moja ingetosha kabisa.

Tulipofika mama aliinama juu ya ndoo muda mrefu. Akaniuliza mimi, si Dada Milembe. "Fide, ndoo ipi imemwagika zaidi?"

"Ya Bibi," nikasema, kabla hajamaliza neno la mwisho. Mimi nilikuwa hivyo. Darasani nilijibu kabla ya swali, kanisani nilisema "amina" kabla ya padre. Mjomba Wile aliiangalia ndoo, akamwangalia Bibi, akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi. Jioni ile hakubishana. Alikula, akasema, "Basi, vizazi vinapita," akanisogezea pilipili yake. Nilikula wali bila kuugusa mchuzi, nikiisikia ile pilipili kwa mbali.

Jumatatu Mjukuu akaanza kuugua. Buti lilijifungua peke yake, likajifunga, likafunguka tena mbele ya katekista aliyekuwa anapita, akalisalimia. Honi ilipiga bila kuguswa. Mama wa Kijapani akawa anazungumza mfululizo kama mtu aliyepata habari za msiba. Dada Milembe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kidatu kwa kazi ya matrekta ya miwa, arudi Ijumaa usiku. Mama alikuwa jikoni na mayai, redio juu. Nikainua sakafu ya buti, pale panapokaa spea tairi, nikakuta kidimbwi, na katikati ya kidimbwi visanduku vyeusi vyenye waya nyingi. Hapo ndipo nilipojua magari mapya huweka ubongo matakoni. Kwa Bibi pangekuwa na jeki, shoka na labda rozari ya padre.

Sasa hebu uwe mimi. Mwaka uliotangulia simu ya mama ilitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Tuliifukia kwenye mchele siku mbili, ikapona, mpaka leo inapiga. Kila mtu Ifakara anaijua dawa hiyo. Kwetu mchele ni chakula, ni zawadi, ni mahari, kwa nini usiwe hospitali pia? Simu moja ilihitaji bakuli moja. Wiki ile tulikuwa tumefundishwa uwiano katika hisabati. Nikaangalia simu, nikaangalia gari, nikapiga uwiano kichwani, ukatoka debe mbili kwa kukadiria chini. Ndiyo mara pekee nimetumia hisabati nje ya darasa kwa hiari yangu. Nilimimina, nikasawazisha kwa mkono, nikarudisha sakafu na kapeti. Jioni honi ikanyamaza. Buti likatulia. Nililala siku tatu kwa fahari, nikijiona daktari. Sikujua kwamba lilinyamaza kwa sababu betri ilikuwa inakufa, wala sikufikiri kwamba mchele kwenye maji nusu ndoo haukaushi kitu. Unavimba, kisha unachacha, kisha unaalika panya. Ijumaa kibandani kulikuwa na harufu ya togwa. Mama alidhani ni majirani.

Jumamosi alfajiri keki ilikuwa tayari, ngazi tatu katika maboksi matatu, nyeupe, na maua ya njano ambayo mama aliyatengeneza moja moja mpaka vidole vikamkakamaa. Tulitoka kuwasha Mjukuu tukamkuta amekaa chini. Shokapu zote zimeshusha pumzi, tumbo karibu liguse udongo, kama ng'ombe anayecheua. Ufunguo haukuamsha kitu. Dada Milembe alipita mlango wa kati, akalaza viti, akatambaa mpaka nyuma na tochi. Kitambo. Akatoka mkono umejaa nafaka nyeupe zilizovimba, zimechanganyika na vipande vya waya vilivyotafunwa, na panya mmoja mnene akashuka nyuma yake bila haraka, kama aliyekuwa amepanga chumba.

"Mama Fide," alisema, "mimi nimesomea umeme wa magari miaka miwili. Hili hawakutufundisha. Hili gari limepikwa."

"Nilisema mapya yana kila kitu," Mjomba akasema taratibu. "Kumbe na wali umo."

"Nani ameweka mchele humu?" mama akauliza.

"Panya," nikasema. "Panya hubeba akiba."

"Debe mbili?" Dada Milembe akaniuliza.

"Wa huku ni wakubwa."

Hakuna aliyecheka, na mimi nilizoea kuchekewa hata misibani. Mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Mjomba akasema polepole kwamba Bibi yupo. Mama akatikisa kichwa. "Kaka, Bibi alimwaga vidole vinne hapahapa mjini. Mlimba ataifikisha uji. Bora nisipeleke kitu kuliko nipeleke uji mbele ya parokia zote." Akatoa simu, ileile iliyopona kwa mchele, akaanza kutafuta namba ya Sista. Niliona kidole chake kinatelezesha majina. Niliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba utani wangu wote wa mwaka ule haukuwa na uzito wa ua moja la sukari kwenye boksi lile.

"Mama, usipige," nikasema. "Mjukuu alimwaga nusu ndoo. Mbuzi walivuka, maji yakaingia chini ya kapeti. Nikajaza kwa dumu. Mchele ni mimi vilevile. Bibi ndiye aliyeshinda."

Dada Milembe ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe nilishinda kwa dumu langu mwenyewe." Mjomba aliweka mkono juu ya bonneti ya Bibi, hakutazama upande wangu, afadhali angenipiga. Mama aliniangalia kama anavyoangalia keki iliyoko kwenye jiko, kuona kama katikati imeiva.

"Nusu ndoo?"

"Nusu, Mama."

Akarudisha simu kwenye pochi. "Kaka, washa gari. Milembe, nakuachia huyo mgonjwa. Wewe," akaninyooshea kidole, "kakae kiti chako."

Maboksi mawili yalifungwa kwenye kiti cha kati na mikeka ya kukinga. La tatu, la ngazi kubwa ya chini, nililipakata mimi nyuma, nikitazama tulikotoka. Kwa kuwa kiyoyozi hakikuwepo mama aliloanisha kanga tatu akafunika kila boksi, na kila tuliposimama alizichovya tena majini. Hivyo ndivyo tulivyokwenda Mlimba: Mjomba kushoto anaendesha, mama kulia anasema "njoo" na "tulia," mimi nyuma naiona Ifakara inakuwa ndogo, milima iko kushoto kwangu na mashamba ya mpunga kulia, kinyume cha wanavyoiona wao. Kwenye Mbingu nilianza kichefuchefu. Nikameza. Kwenye Mngeta miguu ilikufa ganzi. Mjomba alikuwa anazungumza na Bibi, sikusikia maneno ila nilisikia sauti, ile ya mtu anayempitisha mgonjwa mlangoni. Kutoka Kibaoni mpaka hapo mama hakuwa amenigeukia hata mara moja.

Kabla ya Chita kijito kilikuwa juu ya barabara. Bodaboda wawili walikuwa wamesimama wanajadiliana nacho. Mama alivua viatu, akapandisha kitenge, akaingia majini mwenyewe kupima. Yakafika magotini, yakapita kidogo. Alipofika ng'ambo akageuka akatuita kwa mkono. Mjomba akaweka gia ya kwanza. Bibi akaingia bila kuuliza. Katikati nikasikia baridi miguuni, nikaangalia: sakafu ya Bibi ilikuwa na matundu ya kutu ambayo Mjomba alikuwa akiyaita madirisha, na kijito chote kilikuwa kinaingia kututembelea. Maji yakafika kwenye kifundo, yakapanda. Nililinyanyua boksi mpaka kifuani, kisha mpaka usoni, na nikajikuta ninahesabu kwa sauti, sijui nahesabu nini. Mashine ya Bibi iliendelea kunguruma sauti ileile. Hakukuwa na kitu cha kuloa chini pale, hakuna ubongo, ni chuma na mimi. Tulipopanda ng'ambo Mjomba akasimamisha, maji yakaanza kutoka kwa njia yaliyoingilia. Mama akaja mpaka kwenye kioo cha nyuma, nywele zimelowa jasho, akatazama boksi kwanza, halafu mimi. Akafungua, akachovya kanga kijitoni, akafunika upya. Akarudi mbele.

Tulifika misa ikiwa katika vipaji, sadaka zinapelekwa altareni. Jikoni kwa masista keki ilipangwa, ngazi juu ya ngazi, na ubavuni mwa ile kubwa kulikuwa na shimo moja la kidole gumba. Langu. Mama alitoa ua la akiba akalibandika juu yake. Sista Benadeta alikuja baadaye, mfupi kuliko keki ikiwa mezani, tukasema tumsifu Yesu Kristo, akajibu milele amina, akaizunguka keki yote kwa fimbo yake. "Imepita barabara hiihii tunayoijua?" akamuuliza mama. "Hiihii, Sista." "Basi iko barabara nyingine siijui." Kabla hatujaondoka wanawake wawili wa parokia nyingine walikuwa wameshamwomba mama namba ya simu, mmoja ana harusi, mmoja ana mtoto wa kipaimara.

Mjukuu hakufa. Dada Milembe alimtoa waya moja moja, na kila Jumamosi ya mwaka ule mimi nilikuwa chini yake na tochi mdomoni, namshikia, najifunza ni waya gani inakwenda wapi, mpaka siku moja akaniachia koleo. Leo Mjukuu ndiye anayebeba keki, buti tunalifungua kwa mkono, na mama wa Kijapani hakurudi tena. Kati ya magari yale mawili lipi bora, mpaka sasa sijui. Anayeniuliza namwuliza kwanza anabeba nini na anapita wapi. Ila hayo yote yalikuja baadaye. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, mimi nilikuwa uani nachota mchele uliochacha kwa kopo, nawapa bata wa jirani, nao walikuwa na sherehe yao. Mama alikuja akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, bado amevaa gauni la kanisani. Nilisubiri fimbo, nikasubiri hotuba. Aliwatazama bata muda mrefu. Kisha alisema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Mchele tutapata mwingine. Gari Milembe atalitengeneza. Ila mimi, Fide, nikikuuliza kitu, usinijibu haraka. Nicheleweshee. Nitasubiri."